Boksi Lililokuwa Chini ya Gari

Gulwe, Mpwapwa
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mahali pako pa siku zote, kwenye mkeka wa chumba cha mbele, umeegemea ukuta na mguu wako wa kushoto umeunyoosha. Uvimbe umepungua? Dawa za presha unazimeza kila asubuhi kama ulivyoambiwa, au umerudia mtindo wako wa kumeza siku ile tu kichwa kinapouma? Najua uko ndani ya eda na siku hazisogei. Wanakuja watu kukuzungumzisha, au baada ya matanga kila mtu amerudi kwake?

Sisi huku tunavuta siku. Mama Salma hajambo, anakuamkia. Salma ameng'oka meno mawili ya mbele na bado anacheka mdomo wazi bila haya. Mvua za mwisho zimenyesha vizuri na uwele umesimama. Nami ningependa kukuandikia kwamba ni mzima bukheri wa afya, lakini barua yenyewe nimeiandika ili niache kusema uongo, kwa hiyo nisianze na huo.

Mwanaidi, mdogo wangu, wewe ndiye unayemsomea mama. Tafadhali soma mkiwa wawili tu, na mlango urudishe. Utafika mahali utaona aibu kwa niaba yangu. Usiruke. Soma kama ilivyoandikwa.

Mama, utauliza kwa nini niandike wakati simu ipo. Ni kwa sababu simu ndiyo niliyokudanganyia. Kila nikiishika nikupigie, nasikia sauti yangu ya siku ile aliyozikwa baba, nikikwambia korongo limejaa maji na magari yote yamesimama. Mama, hakukuwa na maji. Barabara ilikuwa kavu, lami tupu kutoka Dodoma mpaka kwetu Kolo. Kilichonizuia nisimzike baba yangu ni mikono yangu mimi mwenyewe.

Ngoja nianze mwanzo, maana uovu wenyewe ulianza kidogo kidogo.

Unalikumbuka gari langu, lile jeupe nililonunua kwa mwalimu aliyestaafu. Idi ile tulipokuja nalo, nililiegesha uani mlipokuwa mmefagia na kunyunyiza maji. Asubuhi yake kulikuwa na doa jeusi la oili chini yake, kubwa kama sahani. Baba alikuja akasimama juu ya lile doa, mikono nyuma, akaniambia, "Mwalimu, gari lako halina adabu. Linakojoa uani kwa watu." Wote mkacheka, mpaka baba mdogo ambaye hacheki. Mimi pia nilicheka, lakini iliniingia. Baba ameendesha malori miaka thelathini kwenye njia ile ya Kondoa ilipokuwa bado vumbi na mawe, na kila jioni akilaza boksi lililokunjuliwa chini ya injini. Na wewe, kwa kuwa ndiye uliyekuwa ukiamka kwanza kwa ajili ya alfajiri, ndiye uliyekuwa ukilitazama. Nakusikia hata sasa ukimwambia kupitia dirishani, "Baba Hamisi, leo kavu, nenda," au, "Leo kuna tone upande wa nyuma, usiondoke kwanza." Hakuwahi kuondoka kabla hujasema.

Nikaapa kwamba gari litarudi Kolo likiwa kavu, na baba atalilazia boksi yeye mwenyewe na asione kitu.

Fundi wa Mpwapwa alilitazama akasema gasketi, ule mpira unaoziba kifuniko cha juu cha injini, imekufa, mpya iagizwe Dodoma, na kazi yake ni siku mbili. Unanijua mwanao. Mimi ni yule aliyekuwa akikata sabuni vipande vinne. Nikamwambia asante, nikarudi nyumbani, nikajiambia mtu anayefundisha sayansi darasa la saba hawezi kushindwa na kifuniko cha bati chenye boliti kumi.

Na mwanzoni nilifanya vizuri, mama, lazima nijisifu kidogo kabla ya kujianika. Niliosha injini yote kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu mpaka ikang'aa. Nikasaga vipande vya chaki vilivyobaki darasani, nikainyunyizia unga wake, nikawasha gari robo saa. Pale oili ilipokuwa ikipenya, unga ulilowa ukawa mweusi, ukachora mstari chini ya kifuniko, upande wa nyuma, juu ya ekzosi. Fundi alikuwa amesema kweli. Nilifurahi kana kwamba nimemshinda kwa kukubaliana naye.

Nikafungua kifuniko kwa spana namba kumi. Gasketi ilikuwa imekauka kama ukoko wa sufuria, ikavunjika mikononi. Hapo ndipo mtu mwenye akili angeagiza nyingine. Mimi nilinunua silikoni, ile gundi ya kwenye tyubu, nikaunganisha vile vipande vilivyovunjika na kuvipaka juu na chini. Nikapaka nyingi. Nikaona ni nzuri, nikaongeza. Halafu nikafunga boliti kwa nguvu zangu zote, mpaka gundi ikatoka pembeni kama uji unaofurika. Iliyotoka nje niliifuta. Sikujiuliza kiasi gani imetoka kwa ndani.

Jioni ile ile nikaliwasha. Kavu. Nikampigia baba.

"Baba, nimeziba lile linalokojoa."

"Umeziba na nini?"

"Silikoni."

Nikasikia unakohoa nyuma yake. "Umefunga kwa mkono au umefunga kwa hasira?"

"Nimefunga vizuri, baba."

"Na gundi umeiacha ilale usiku?"

"Nimeiacha," nikasema. Na haikuwa imelala hata saa moja.

"Basi lete gari tulione," akasema. "Lakini agiza gasketi, mwalimu. Rahisi ni ghali." Kisha akauliza habari za Salma, akasema kifua kinambana kidogo, si kitu. Ndiyo maneno ya mwisho niliyozungumza na baba yangu katika dunia hii, na ndani yake kuna uongo wangu mmoja kuhusu gundi.

Hazikupita wiki mbili, mdogo wangu Ramadhani akapiga alfajiri. Hakuweza kusema. Alikuwa akilia kama alipokuwa mtoto, ananiita kaka, kaka, mpaka nikaelewa mwenyewe.

Mama, sasa ndipo Mwanaidi asome polepole.

Mama Salma aliniandalia nguo. Akaniambia bodaboda ipo nje, nikimbie Mpwapwa, nitalipata basi la saa mbili, na saa nane nitakuwa nyumbani. Yeye na mtoto wangenifuata kesho yake. Nikamwambia naenda na gari. Akasema, "Baba Salma, umefiwa, usiendeshe leo." Nikamwambia naenda na gari. Sikumwambia sababu kwa kuwa ilikuwa ya kitoto. Nilitaka kuliegesha pale pale uani, likiwa kavu. Nilitaka baba alione. Najua alikuwa amelala ndani, amefunikwa, haoni kitu. Mama, akili ya mtu aliyefiwa haiendi shule.

Nilikuwa nimelaza boksi chini ya injini usiku, kama baba. Niliporudisha gari nyuma, Mama Salma ndiye aliyekuwa amesimama pale. Akainama, akasema, "Hapa pana oili."

Nikamjibu kutoka dirishani, "Hiyo ni ya zamani."

Haikuwa ya zamani. Jioni ya kuamkia siku hiyo niligeuza lile boksi mimi mwenyewe upande wake msafi, kwa hiyo nilijua. Nilijua, mama, nikakanyaga mafuta.

Nilipita Kongwa salama, nikafika Dodoma saa nne. Ramadhani akanipigia kuniambia wanazika baada ya adhuhuri. Nikamwambia naja na gari, nitawahi. Nilipokaribia Haneti taa nyekundu ya oili ikawaka kwenye dashibodi. Watoto wangu wa darasani nawafundisha maana yake. Nikajiambia ni waya tu. Nikaenda nayo, sijui maili ngapi, mpaka injini ikaanza kugonga kama mtu anayepiga bati kwa nyundo, halafu ikanyamaza, na gari likasimama lenyewe pembeni ya shamba la alizeti.

Ilikuwa haijafika saa sita. Nilifungua boneti nikakuta kifuniko chote kimelowa, oili inachuruzika mpaka chini. Nilikuwa na lita moja nyuma. Nikamimina. Nikajaribu kuwasha, halikujibu. Na hapo ndipo nilipokosa kabisa, kuliko kwenye silikoni, kuliko kwenye boksi. Basi la Kondoa lilikuja. Kondakta alining'inia mlangoni akaniita, "Mzee, Kondoa hiyo! Acha chuma, panda twende!" Nikampungia mkono wenye spana, apite. Nilijiambia dakika kumi tu, nikikaza zile boliti litawaka. Baadaye likapita la pili. Nilikuwa nimelala chini ya gari, niliona matairi yake tu. Sikutoka.

Na wewe wakati huo, mama, ulikuwa unafanya nini? Nimeambiwa baadaye. Jeneza lilikuwa limeshatolewa, watu wamejipanga, na baba mdogo anasema maiti haisubiri mtu. Ukatuma neno kutoka ndani ulikokaa na wanawake. Ukasema, "Mwanangu mkubwa yuko njiani, na ndiye wa kumpokea baba yake kaburini. Msogeze mpaka alasiri. Sijawahi kuwaomba kitu katika ukoo huu." Ramadhani anasema baba mdogo aliguna lakini akakubali, kwa sababu kweli hukuwahi kuwaomba kitu. Walisogeza kwa ajili yako. Wewe ulisogeza kwa ajili yangu. Na mimi nilikuwa Haneti ninakaza boliti za injini iliyokwisha kufa.

Ramadhani alipopiga tena, alasiri ilikuwa imeshaswaliwa. "Kaka, umefika wapi? Tunaondoka sasa hivi kwenda makaburini." Nilitazama mikono yangu. Nilitazama barabara, nyeupe kwa jua, haina hata tone. Nikasema korongo limejaa, siwezi kuvuka. Sikupanga kusema hivyo, lilitoka. Akakupa wewe simu papo hapo, nikayarudia maneno yale yale, nawe sauti yako imekauka ukaniambia, "Usijaribu kuvuka, baba. Maji hayana huruma. Mmoja anatosha leo." Hilo neno, mama. Kila nikikaa peke yangu nalisikia hilo neno.

Ramadhani akashuka kaburini mahali pangu, pamoja na jirani. Nami nilipata lori la vitunguu jioni, nikashuka kwetu watu wamekwisha kuswali Isha. Nilikuta umewaambia wote habari za korongo. Baba mdogo alikuwa ameanza kusema mtoto wa kwanza gani huyu, nawe ukamkata, "Yamemzuia maji, na maji ni ya Mungu." Ukanitetea kwa uongo wangu mwenyewe mbele ya waombolezaji, nami nikaketi nikakuacha unitetee.

Lakini kuna jambo linanisumbua kuliko yote. Nilipoingia ulisimama, ukachukua birika, ukanimiminia maji ya kunawa. Mikono yangu ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko. Viatu vyangu vilikuwa vikavu, vina vumbi, havina tope hata la dawa. Wewe ni mke wa dereva miaka yote ile. Uliitazama mikono, ukatazama viatu, ukamwita Mwanaidi akuletee sabuni ya unga na majivu, ukanisugua mwenyewe kidole kimoja kimoja kama ulivyokuwa ukimsugua baba akirudi safari. Hukuuliza kitu. Ulisema tu, "Nawa, mwanangu. Oili haitoki mara moja."

Ulijua, mama? Nimejiuliza tangu siku hiyo. Kama ulijua, basi nimekuachia uubebe uongo wangu pamoja na msiba wako. Na kama hukujua, basi bado unaamini, na huenda kila wingu likitanda unalaani korongo ambalo halikutukosea kitu.

Siku ya tatu, baada ya hitima, ulinipa ile spana ya baba, namba kumi, uliyoifunga kwenye kitambaa chake cha kichwani. Ukasema, "Alisema hii ni ya mwalimu. Alisema mwalimu ana nguvu nyingi, aishike hii nyepesi." Nikaipokea nikaiweka mfukoni nikatoka kwenda kulia nyuma ya nyumba. Mlidhani ninamlilia baba tu.

Habari ya gari ni fupi. Fundi mmoja mzee wa Haneti alilifungua, akaniita nione. Ndani, kwenye chujio linalovuta oili, kulikuwa na vipande vya silikoni vimeganda pale kama mafuta ya nyama iliyopoa. Oili kidogo iliyokuwa imebaki haikuwa na pa kupita. Na kifuniko chenyewe nilikipinda kwa kukikaza. Akaniuliza, "Nani alikufungia hii?" Nikamwambia, "Fundi mmoja wa Gulwe." Unaona, mama, hata kwa mtu nisiyemjua. Lakini baada ya hatua chache nikarudi nikamwambia ni mimi. Huo ulikuwa ukweli wangu wa kwanza, nao ulinipa nguvu ya kuandika huu. Akanipa pole. Akasema injini haifai tena. Gari lipo uani kwake mpaka leo, na mkewe anasema kuku wameanza kutagia kiti cha nyuma.

Niliporudi Gulwe, boksi lilikuwa bado pale uani nilipoliacha. Mama Salma hakuliondoa wala hakusema kitu. Amelizunguka na ufagio kila asubuhi, amefagia uani kote akaliacha katikati. Kwa hiyo na yeye alikuwa akinisubiri.

Kwa arobaini nitakuja. Nitakuja kwa basi, sisi watatu, na nitashuka pale njia panda nitembee kwa miguu. Nataka kuwaambia baba mdogo na Ramadhani mwenyewe, mbele ya watu wale wale walioambiwa habari za maji. Lakini siwezi kuwaambia wao kabla yako, na siwezi kukuacha usikie ukiwa umezungukwa na watu na huna pa kuficha uso. Ndiyo maana barua imetangulia. Ukiniambia nisije, nitaelewa. Ukisema nije ninyamaze kwa ajili ya heshima ya baba, nitanyamaza, ingawa itaniuma. Wewe ndiye wa kuamua. Mimi maamuzi yangu umeona yalipotufikisha.

Nisalimie Ramadhani, mdogo wangu aliyefanya kazi yangu kaburini, mwambie simdai pole, mimi ndiye ninayemwomba msamaha. Nisalimie baba mdogo, shikamoo yake, na umwambie alikuwa na haki ya kuguna. Msalimie jirani aliyeshuka na Ramadhani. Msalimie bibi wa upande wa pili anayekuletea maziwa. Nawe Mwanaidi, asante kwa kusoma, kunja karatasi uirudishe ndani ya bahasha, na hicho kilichobaki humo mpe mama mkononi.

Mama, ni kipande cha lile boksi. Nimekikata kwa wembe pale penye doa. Kwa karatasi hizi umehitaji macho ya Mwanaidi, lakini hicho utakisoma mwenyewe vizuri kuliko sisi sote. Kitazame kama ulivyokuwa ukimtazamia baba alfajiri. Niambie, kama ningekuwa yeye siku ile na wewe uko dirishani, ungeniambia nenda au usiondoke?

Mimi mwanao,
Hamisi